Kulipia kwa GB au kwa Mwezi: Pima Matumizi Yako Kwanza

Mwenye steshenari pale Ujiji anayetuma fomu za wanafunzi na familia ya Mwanga inayotazama video kila jioni hawawezi kufaidika na mpango mmoja wa malipo ya intaneti. Kabla ya kuchagua kati ya vifurushi vya GB na malipo ya mwezi yasiyo na kikomo, pima matumizi yako mwenyewe.

Fungua mipangilio ya simu, ingia sehemu ya mtandao, kisha tazama matumizi ya data ya mwezi uliopita, ambako kila programu imeandikiwa kiasi ilichokula. Fanya vivyo hivyo kwenye kompyuta, na hapo usiharakishe. Usiku mmoja niliacha kompyuta yangu ikivuta intaneti kutoka kwenye simu. Alfajiri nikakuta kifurushi cha wiki nzima kimekwisha kwa masasisho ya programu, ilhali sikuwa nimefungua hata ukurasa mmoja. Matumizi ya namna hiyo yazuie kwanza, usije ukayahesabu kuwa ni mahitaji.

Ukishapata jumla, gawanya bei ya mwezi kwa bei ya GB moja. Tuseme, kwa mfano tu, malipo ya mwezi ni shilingi 70,000 na GB moja ni shilingi 2,000: jibu ni 35. Anayetumia chini ya GB 35 abaki na vifurushi, ila akumbuke kujumlisha GB zinazopotea muda wa kifurushi unapokwisha, kwani nazo amezilipia.

Neno "bila kikomo" ndilo linalotaka macho makali zaidi. Mara nyingi masharti husema kwamba ukivuka kiasi fulani kasi itapunguzwa. Ikishuka hadi kilobiti 512 kwa sekunde, utapata kilobaiti 64 tu kwa sekunde, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Picha ya MB 3, yaani kama kilobaiti 3,000, itachukua takriban sekunde 47, na mteja wako amesimama dirishani akisubiri. Kwa mtu wa ofisi, hicho ni kikomo kamili, hata kama tangazo halikiiti hivyo.

Basi muulize muuzaji, na akuonyeshe kwa maandishi: kasi hupunguzwa baada ya GB ngapi, hushuka hadi wapi, kifaa cha kurushia intaneti ni mali ya nani, na mkataba unakufunga miezi mingapi.