Kupanga fedha za kaya wakati wa janga la maradhi na baada yake

Mwongozo huu umetokana na kazi ya kukaa na kaya zilizoyumba wakati wa UVIKO-19 na kupitia nazo hesabu zao, karatasi kwa karatasi. Shirika la Afya Duniani lilitamka kuwa ugonjwa huo ni janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, na tarehe 5 Mei 2023 likatangaza kwamba dharura ya afya ya kimataifa imekwisha. Mfuko wa nyumbani haukwenda na tarehe hizo: mapato yalikatika ghafla, ilhali madeni yaliyozaliwa katika miezi ile yaliendelea kulipwa muda mrefu baada ya watu kurudi kazini. Ndiyo maana hatua ya tatu, inayohusu mikopo, ni ndefu kuliko nyingine zote. Asiyedaiwa anaweza kuiruka.

Hatua ya 1: Andika mapato ya uhakika peke yake

Orodhesha kila kinachoingia, kisha ufute kila ambacho hungeweza kuapa kwamba kitaingia mwezi ujao. Mwenye mapato yanayopanda na kushuka achukue mwezi mbaya kuliko yote katika miezi 12 iliyopita na kuufanya msingi wa bajeti. Wastani haufai, kwa kuwa wastani hubeba miezi mizuri ambayo janga limeifuta.

Tumia daftari la karatasi. Najua kuna programu nyingi za simu za kazi hii, na baadhi ni nzuri, lakini nyingi huomba ruhusa ya kusoma ujumbe wako wa benki, na zaidi ya hapo hesabu hubaki ndani ya simu ya mtu mmoja. Daftari lililo mezani husomwa na mke, mume na hata watoto wakubwa, na ugomvi mwingi wa fedha hupungua pale kila mmoja anapoona tarakimu zilezile.

Hatua ya 2: Panga matumizi kwa uzito

Kwanza chakula, makazi, dawa, maji na nishati. Kisha yanayokuwezesha kupata kipato, kama nauli na mawasiliano. Mwisho mengineyo yote. Malipo ya mara moja kwa mwaka, kama bima na ada, yagawe kwa 12 na uyaingize katika kila mwezi.

Hatua ya 3: Nenda kwa mkopeshaji kabla hujachelewesha rejesho

Anayekwenda mapema huzungumza kama mteja, na anayekwenda baada ya kuchelewa huzungumza kama mdaiwa sugu. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba kuahirishiwa marejesho na kusamehewa riba ni mambo mawili tofauti, na ujumbe mfupi unaosema "marejesho yako yameahirishwa" haukuambii umepewa lipi.

Mwaka 2020 mambo hayo mawili yalitokea waziwazi. Nchini Marekani, mikopo ya wanafunzi inayomilikiwa na serikali kuu ilisitishiwa marejesho huku riba ikishushwa hadi asilimia 0, na riba haikuanza tena hadi Septemba 2023. Nchini India, Benki Kuu iliziruhusu benki kuahirisha marejesho kuanzia Machi hadi mwisho wa Agosti 2020, lakini riba iliendelea kuhesabiwa. Suala la kutoza riba juu ya riba likafika Mahakama ya Juu, ambayo mnamo Machi 2021 iliamua kwamba riba ya namna hiyo isitozwe kwa kipindi kile. Wadaiwa wa nchi zote mbili waliambiwa "mapumziko", na hesabu zao zikawa mbalimbali kabisa.

Tazama tofauti hiyo kwa tarakimu. Tuseme umebakiwa na deni la 1,000,000, riba ni asilimia 18 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio, yaani asilimia 1.5 kwa mwezi, na umebakisha miezi 24. Rejesho lako ni takriban 49,924 kila mwezi. Ukipumzishwa miezi 6 na riba ikawa inaongezwa kwenye deni kila mwezi, utakapoanza tena utadaiwa takriban 1,093,443. Hapo mkopeshaji ama atapandisha rejesho hadi karibu 54,589 kwa miezi 24 ileile, nawe utakuwa umelipa zaidi ya mpango wa awali kwa kama 112,000. Ama ataliacha rejesho lilivyokuwa na kuongeza muda hadi marejesho 27, na nyongeza itafika karibu 137,000. Ukimudu kulipa riba tu wakati wa mapumziko, yaani 15,000 kwa mwezi, deni litabaki 1,000,000 na nyongeza yote itakuwa 90,000. Mimi hupendekeza njia hii ya mwisho kila inapowezekana, hata kama kaya italazimika kufuta fungu zima la "mengineyo", kwa sababu ndiyo pekee inayozuia deni kukua wakati kipato kimelala.

Kwa hiyo usitie saini kabla hujapata majibu ya maandishi. Je, riba itaendelea kuhesabiwa? Ikiendelea, itaongezwa kwenye deni au itatengwa na kulipwa mwishoni bila kuzaa riba nyingine? Ni rejesho litakalopanda au muda utakaorefuka? Kuna ada ya kuandika mkataba upya, na bima ya mkopo itaongezeka kwa muda huo? Katika taarifa za wakopaji utaandikwa kuwa unalipa kama ulivyopatana, au kuwa umechelewa? Mwenye mdhamini amweleze mapema, kwa kuwa mkataba mpya unaweza kurefusha na dhamana yake.

Kuna tahadhari moja zaidi ambayo watu wengi huivuka. Ikiwa rejesho hukatwa moja kwa moja kutoka kwenye akaunti au mshahara, kukubaliwa kuahirishiwa hakusitishi makato kwa hakika, kwa sababu amri ya kukata inaweza kuwa mikononi mwa idara nyingine kabisa au kwa mwajiri. Niliwahi kukaa na kaya iliyokuwa na barua ya kukubaliwa mkononi huku makato yakiendelea. Ilitulazimu kulinganisha taarifa ya akaunti na taarifa ya mkopo, mstari kwa mstari, ndipo tukagundua kwamba fedha zilizokatwa ziliwekwa pembeni na hazikuwa zimepunguza deni. Omba taarifa ya mkopo kila mwezi wa mapumziko na uangalie safu ya salio: ikiwa salio linapanda, riba inaongezwa kwenye deni, hata kama aliyekuhudumia alisema vinginevyo.

Hatua ya 4: Gusa akiba kwa mpangilio

Anza na akiba isiyo na adhabu ya kutoa. Mafao ya uzeeni yawe ya mwisho kabisa. Mwaka 2020 Australia na Chile ziliruhusu wanachama kuchukua sehemu ya mafao yao kabla ya wakati, na kwa aliyekosa chakula ruhusa hiyo ilikuwa nafuu ya kweli. Lakini kwa mwenye njia nyingine, fedha iliyotolewa hupoteza pia faida ambayo ingezaliwa nayo hadi siku ya kustaafu.

Hatua ya 5: Janga likipungua, andika bajeti upya

Usiirudishe bajeti ya zamani. Bei zilipanda kwa kasi duniani mwaka 2021 na 2022, na mfumuko ulipopungua baadaye, maana yake ilikuwa kwamba bei zinapanda polepole zaidi, si kwamba zimerudi zilikokuwa. Riba nazo zilipanda: Benki Kuu ya Marekani, iliyokuwa imeshusha riba yake hadi karibu na 0, ilianza kuipandisha Machi 2022 na kufikia kati ya asilimia 5.25 na 5.50 Julai 2023, na benki kuu nyingi zilifuata mwelekeo huo. Mwenye mkopo wa riba inayobadilika asome mkataba wake ajue ni lini inabadilishwa na kwa kipimo gani.

Kipato kikirejea, weka kwanza akiba ya matumizi ya mwezi mmoja, kisha shambulia deni lenye riba kubwa kuliko yote, halafu ujaze akiba hadi miezi mitatu au zaidi. Wapo wanaoshauri kuanza na deni dogo ili mtu apate moyo; mimi sikubaliani nao, kwa kuwa moyo huo hugharimu riba.

Unapolipa cha ziada, andika kwa mkopeshaji kwamba fedha hiyo ipunguze deni lenyewe. Usipoandika, inaweza kuhesabiwa kuwa rejesho la mwezi ujao lililowahishwa, au ikakaa pembeni ikisubiri tarehe, na riba ikaendelea kukokotolewa kwenye salio lilelile. Taarifa ya mwezi unaofuata itakuonyesha ni lipi lililofanyika.