Kwaruza hiyo waya kabla ukuta upigwe plasta

Kama unajenga na unataka kupitisha kebo za intaneti ndani ya ukuta, nunua mwenyewe, usimpee fundi pesa akuletee. Mimi nikijenga huku Mamboleo niliuziwa mbuzi kwa gunia, boksi imeandikwa Cat6, ile daraja ya kebo za intaneti za kasi, vizuri kabisa, tukapiga plasta tukapaka rangi. Kamera ya geti mchana iko sawa, usiku inazima, inawaka, inazima, nikalaumu kamera, nikalaumu stima, nikabadilisha hadi swichi, kile kiboksi cha kuunganisha kebo. Kumbe giza likiingia kamera huwasha taa zake za kuonea gizani, inakula stima zaidi kupitia hiyo hiyo kebo, na kebo yenyewe ni aluminiamu imepakwa kopa juu juu tu. Aluminiamu haipitishi stima vizuri kama kopa, ikifika geti imepungua, na ile imepotea njiani inageuka joto huko ndani ya ukuta.

Dukani anza na maandishi kwa ganda. Ikiandikwa CCA, yaani aluminiamu iliyopakwa kopa, rudisha, wengine hata hawafichi. Isipoandikwa omba kipande uchune, ndani kuna waya 8 zimesokotwa mbili mbili, ukihesabu 4 ondoka tu. Toa plastiki ya waya moja ukwaruze na wembe: kopa ni nyekundu mpaka ndani, ikitokea nyeupe kama sufuria mpya umeshapata jibu. Kuna wenye huichoma na kiberiti, sioni haja. Halafu inua boksi, ile ya mita 305 ya kopa inakuvuta bega, ya aluminiamu unaibeba huku unapiga simu. Na muuzaji akikuonyesha ati sumaku haishiki kwa hivyo ni kopa, cheka, hata aluminiamu haishiki sumaku.

Mfuko ukibana chukua Cat5e, daraja ya chini ya Cat6, ya kopa tupu, inabeba gigabiti moja kwa sekunde mpaka mita 100, ni afadhali kuliko hiyo Cat6 ya uongo. Ya kwenda geti iwe ile nyeusi ya nje, jua la Kisumu linapasua ganda la kawaida.

Na pitisha kila kitu kwa paipu ndio siku moja uweze kuvuta ingine. Yangu ilizikwa bila paipu, saa hii kuna waya nyeusi inazunguka nyumba yote kwa nje na mama watoto hataki hata kuiangalia.