Kufunga joistiki ya analogi kwenye mashine ya gemu ya kujitengenezea

Kama gemu zako ni za enzi za NES na Super Nintendo, ishia hapa ubaki na vitufe vyako. Gemu hizo hazikutengenezewa joistiki ya analogi. Tunahangaika kwa sababu ya Nintendo 64, iliyotoka mwaka 1996, na baadhi ya gemu za PlayStation. Jaribu kumwongoza Mario kwenye N64 kwa vitufe vinne: ama anakimbia ama amesimama, kunyata hakuna.

Mashine yangu ni Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye RetroPie, programu ya kuchezea gemu za zamani, na tatizo linaanzia hapo: Pi haina pini hata moja inayosoma analogi. Ndani ya joistiki mna potenshiometa mbili, ndugu wa kile kirungu cha sauti kwenye redio za zamani. Ukisukuma stiki, volti inapanda au inashuka, lakini Pi inajua tu kama umeme upo au haupo. Kwa hiyo tunaweka mkalimani katikati, chipu ya MCP3008, inayogeuza volti kuwa namba kati ya 0 na 1023.

Hatua ya 1: Umeme

Zima Pi na uchomoe waya wa umeme. Moduli ya joistiki imeandikwa +5V. Usiyatii maandishi hayo! Pini za Pi zinavumilia volti 3.3 tu. Mimi niliyatii, nikalisha chipu na joistiki volti 5, na pini namba 21 ikafa palepale. Pi ile bado inawaka, ila haijasoma chipu yoyote tena. Siku hizi inapiga muziki sebuleni. Joistiki na chipu zote zipate volti 3.3 kutoka pini namba 1 ya Pi.

Hatua ya 2: Chipu

Weka chipu kwenye bodi ya majaribio, kile kikato cha nusu duara kikiwa juu. Pini 1 iko juu kushoto, 16 iko juu kulia. Unganisha hivi, chipu kwanza kisha Pi:

16 na 15 – pini 1 (volti 3.3)
14 na 9 – pini 6 (GND, upande hasi wa umeme)
13 – pini 23
12 – pini 21
11 – pini 19
10 – pini 24

Hatua ya 3: Joistiki

VRx (kushoto na kulia) iende pini 1 ya chipu, VRy (juu na chini) pini 2. SW, yaani kitufe cha kubonyeza stiki, haihitaji mkalimani. Ipeleke moja kwa moja pini 11 ya Pi, ambayo kwenye programu inaitwa GPIO17. GND iungane na GND nyingine.

Hatua ya 4: Kusoma

Washa Pi, andika `sudo raspi-config`, ingia Interface Options, uwashe SPI, njia ambayo Pi huitumia kuzungumza na chipu. Kwa lugha ya programu ya Python, maktaba ya gpiozero ina MCP3008 tayari. Soma `raw_value` ya chaneli 0 na 1, yaani pini 1 na 2 za chipu. Ukiwa hujagusa stiki utarajie namba karibu na 512. Yangu hutoa 498 na 530, na haitulii. Ukipata 0 au 1023 muda wote, rudi kwenye waya kabla hujalaumu programu.

Hatua ya 5: Kuitambulisha kwa gemu

Hapa ndipo wengi hukwama. Emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, haijui chipu yako. Inataka kuona kidhibiti cha gemu. Andika `sudo modprobe uinput`, inayoruhusu programu kuunda kidhibiti bandia, kisha kwa maktaba ya evdev ya Python ukiunde kikiwa na ABS_X (kushoto na kulia), ABS_Y (juu na chini) na walau kitufe kimoja. Bila kitufe, mfumo unaweza kukitambua kama kitu kingine kabisa. Namba ikiwa ndani ya 40 kutoka katikati, itume kama 512, la sivyo Mario atajitembeza mwenyewe mpaka shimoni. Juu na chini zikigeukiana, tuma 1023 ukitoa ulichosoma.

Jaribu kwa `jstest /dev/input/js0`. Usilehemu chochote kabla hujacheza saa nzima, maana waya uliolegea hujitokeza mikono ikishapata moto.