Kumwaga oili na kubadilisha filta kwenye Massey 135 ya zamani, kuongezea sio kubadilisha

Wakuu habari za majukumu. Msimu wa kulima ndo huo unakuja, wenye majaruba Magu, Misungwi na Kwimba washaanza kuulizia trekta, na wenye trekta za zamani wengi wanachofanya ni kuchomoa dipstiki, kuona oili imeshuka, kumimina lita moja au mbili juu ya ile nyeusi alafu safari. Mwaka unaisha, wa pili unaisha, mtu anasema mimi oili naweka kila mara. Ndugu yangu hiyo ni kuongezea, hujabadilisha kitu. Uchafu wote uko mle mle na filta imeziba siku nyingi, ikishaziba kuna kivalvu kinafunguka ili injini isikose oili kabisa, kwa hiyo oili inapita bila kuchujwa, inazunguka na mchanga wake na masizi yake mpaka kwenye beringi za kranki (ule mhimili mkubwa unaozungushwa na pistoni).

Nitaelekeza kwa kutumia Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins ya pistoni 3, maana ndo trekta niliyokulia nayo kwa mjomba. Zilianza kutengenezwa 1964 mpaka katikati ya miaka ya 70, yani iliyopo shambani leo ina miaka 50 hivi au zaidi na bado inavuta plau, na inavuta kwa sababu kuna mtu aliijali. Kama yako ni Ford au ni Massey nyingine utaratibu ni ule ule, kinachobadilika ni kiasi cha oili na aina ya filta.

Kwanza muda. Wengi wanaenda na masaa 200 mpaka 250, mimi kwa vumbi la huku naenda na 150. Saa ya trekta nyingi ishakufa kwa hiyo nunua daftari dereva aandike kila siku kalima masaa mangapi, na ya barabarani yahesabiwe pia. Tangu daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa 2025 mtu anatoka Misungwi asubuhi anaenda kulima Sengerema anarudi jioni, hakuna kusubiri kivuko, lakini yale masaa ya lami nayo injini imezunguka, oili imechoka vile vile.

Vifaa: oili lita 8 uwe na akiba (injini hii inakula kama lita 7 pamoja na filta), filta mpya na raba yake, beseni pana, dumu tupu lenye mfuniko, funeli safi, matambara, dizeli kidogo ya kuoshea, na spana. Kwenye spana hapo usikilize, hizi trekta za Muingereza bolti zake nyingi ni za inchi, spana ya milimita inaingia kwa kulegea, ukikaza mkono inakula kona za nati na ukishaila kona umejiletea kazi ya patasi na nyundo. Azima spana za inchi, hata kama ni kwa jirani wa mbali.

Oili iwe ya injini ya dizeli, 15W-40 inafaa, au namba 40 kwa joto letu. Usikubali mtu akwambie injini imechoka weka oili ya gia namba 90 ili itulie. Inatulia kelele kweli, lakini asubuhi ikiwa ya baridi inachelewa kufika juu kwenye roka (vile vyuma vinavyofungua valvu) na beringi zinasagana kavu. Na oili feki zipo, nunua kwenye duka unalolijua, kagua sili ya mfuniko, na dumu likiisha litoboe kabla ya kutupa, maana hayo madumu mazima ndo yanaokotwa yanajazwa tena.

Haya, siku ya kazi. Peleka trekta sehemu tambarare, shusha plau mpaka chini, vuta handibreki, weka mawe kwenye matairi. Washa injini kama dakika 10 ipate moto, kisha zima. Oili ya moto ni nyepesi na bado imebeba uchafu, ukimwaga asubuhi ikiwa baridi inatoka juu juu tope linabaki limeganda chini ya sampu, lile karai la oili chini ya injini. Ila isiwe ya kuunguza, nimeona mtu kababuka mkono kwa haraka zake, subiri dakika tano hivi.

Kabla hujafungua kitu chukua tambara lenye dizeli ufute kuzunguka nati ya kumwagia, kuzunguka filta, kuzunguka mfuniko wa kujazia na dipstiki. Watu wanaruka hii hatua. Mchanga wa luseni (udongo wetu wa kichanga) ulioganda pale ukidondoka ndani umeutia kwa mkono wako mwenyewe kwenye injini.

Nati ya chini ilegeze kwa spana, umalizie kwa vidole huku umeisukuma kwa juu, ikifika mwisho ichomoe haraka mkono uwe pembeni. Fungua na mfuniko wa juu hewa ipite. Acha ichuruzike nusu saa nzima, usisimame juu yake unaihimiza.

Hapo sasa ndo pananipendeza kuliko pote, kusoma oili. Chovya vidole viwili uisugue, itazame kwenye mwanga wa jua. Nyeusi ni kawaida kwa dizeli, isikutishe. Ikiwa na rangi kama chai ya maziwa ujue kuna maji, inawezekana gasketi ya hedi (kichwa cha injini) imekufa au hedi ina ufa, usiweke oili mpya ukaendelea kulima, ita fundi. Ikiwa nyepesi kama maji na inanuka dizeli, na ulishaona kwenye dipstiki oili inapanda badala ya kushuka, angalia ile pampu ndogo ya dizeli ya pembeni ya injini, daiframu yake ikipasuka inamwaga dizeli ndani ya sampu. Na ukiona vumbi linalometa kama lile la pambo la kucha, hizo ni beringi zinalika. Nati yenyewe ifute utazame ncha yake pia.

Wakati inachuruzika nenda kwenye filta. Kuna za aina mbili. Zile za zamani ni kikombe cha chuma kimeshikwa na bolti moja ndefu, ndani kuna filta ya karatasi. Za baadae ni za kuzungusha, kopo zima unatupa. Ya kopo kama imegoma tumia mkanda wa filta, kama huna chukua cheni ya pikipiki au kipande cha tyubu uizungushe ikaze alafu uvute. Kuitoboa na bisibisi iwe mwisho kabisa, ikichanika vibaya utabaki na kipande cha bati hakishikiki. Ya kikombe legeza bolti taratibu beseni likiwa chini, na kabla hujavuruga piga picha na simu uone springi na washa zilivyopangana, ukizirudisha kinyume filta haikai sawa na oili inapita pembeni yake.

Sasa raba. Hapa naomba msome polepole.

Miaka kadhaa nyuma mjomba alimwita fundi abadilishe filta, mimi sikuwepo. Ile raba ya zamani ilibaki imeng'ang'ania kwenye kichwa cha filta, na ikikaa miaka inakuwa ngumu nyeusi imelala kwenye mfereji wake, ukiitazama unaona kama ni chuma chenyewe. Fundi akaweka mpya juu yake. Trekta ikawaka vizuri, haikuvuja hata tone, ikaenda kulima siku mbili. Siku ya tatu saa saba mchana iko katikati ya majaruba raba mbili zikateleza, presha ikazisukuma nje, oili yote ikaruka kwenye tope. Geji ya presha ya oili ilikuwa imekufa muda mrefu, na dereva kijana wa miaka 19 alikuwa anageuka kutazama mistari ya plau nyuma yake, alichosikia ni injini inagonga. Alipozima ilikuwa imechelewa. Kranki ikapelekwa kuchongwa, beringi mpya, mjomba akauza ng'ombe wawili na mpunga wa watu ukachelewa. Nilipofika nikamwambia shikamoo mjomba, akaitikia marahaba, hakusema lingine, akanionesha kiganjani raba mbili zimeshikamana. Nimeitunza ile raba mpaka leo.

Kwa hiyo pitisha kidole mfereji mzima, kisha pitisha ncha ya sindano au mwiba mkavu, kama kuna kitu kinabonyea hata kidogo hicho ni raba, ing'oe. Usitumie bisibisi, inakwaruza. Futa mpaka uone chuma kinang'aa mzunguko mzima, na hesabu: raba moja imetoka, raba moja inaingia.

Kikombe kioshe kwa dizeli, kikaushe. Raba mpya ipake oili safi kwa kidole. Ya kopo ijaze oili nusu kama inaning'inia wima, ikusaidie presha isichelewe, kisha izungushe kwa mkono, raba ikigusa ongeza robo tatu ya mzunguko basi. Kwa mkono tu, spana ya filta ni ya kufungulia. Ya kikombe hakikisha ukingo umeingia sawa kwenye mfereji, zungusha kikombe kidogo kwa mkono huku unakaza bolti usikie kimekaa, kaza kiasi.

Filta iliyotoka usiitupe bila kuitazama. Ya kopo ikate na msumeno wa chuma, ya karatasi ichane tu, kunjua mikunjo yake juani. Masizi laini ni sawa. Vipande vya chuma sio sawa, na ukivikuta urudi kwenye zile beringi nilizosema.

Nati ya chini irudishe na washa mpya ya shaba. Kama huna na ile ya zamani haijapasuka, ichome kwenye moto mpaka iwe nyekundu uitumbukize kwenye maji, shaba inalainika tena na inaziba vizuri. Anza kuizungusha kwa vidole isije ikaingia upande ikaharibu nyuzi zake, ndo ukaze na spana, usininginie.

Mimina lita 6 kwanza. Subiri dakika tano ishuke, pima, kisha ongeza kidogo kidogo mpaka alama ya juu ya dipstiki, isipite. Oili ikizidi kranki inaipiga inatoa povu, na povu halibebi presha, alafu inatafuta pa kutokea kwenye sili za injini. Angalia pia usichanganye na dipstiki ya gia, kwenye Massey hii gia na haidroli zinatumia oili moja ambayo ni tofauti kabisa na ya injini.

Kuwasha, vuta ile nobu ya kuzimia ibaki imevutwa, piga stata sekunde 10, pumzisha, piga tena, mpaka geji ya presha ianze kunyanyuka, injini inazunguka bila kuwaka na oili inafika kwenye beringi kabla ya mzigo. Ndo uirudishe nobu uwashe, mguu usiwe na haraka na mafuta, iache taratibu dakika tano. Geji isiponyanyuka ndani ya sekunde chache zima. Kama geji yako imekufa tafadhali nunua nyingine kabla ya msimu, bei yake huwezi kuilinganisha na kuchonga kranki. Injini ikiwa inaunguruma inama na tochi utazame filta na nati. Zima, subiri dakika 10, pima tena, itakuwa imeshuka kidogo maana filta imekunywa yake, ongeza.

Ukiwa umeshachafuka mikono fungua na filta ya hewa, lile bakuli lenye oili. Utakuta tope zito chini, mwaga, osha kwa dizeli, weka oili safi ya injini mpaka kwenye alama. Wakati wa kulima pakavu lifunguliwe kila siku, vumbi likipita hapo linaenda kula ringi za pistoni na hata ubadilishe oili kila wiki haitasaidia.

Oili chafu imwage kwenye dumu, funga, andika kwa rangi OILI CHAFU, weka mbali na watoto. Nguzo za uzio na mbao zinazopigwa na mchwa zinaihitaji, na gereji kubwa za mjini wanajua nani anaikusanya. Usimpake ng'ombe kwa ajili ya kupe wala kwenye kidonda, ngozi inainyonya na yeye anajilamba. Na usiimwage kwenye mfereji wa majaruba au korongoni, huko kote mvua ikinyesha kunaishia Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hili yanavutwa pale Ihelele yanaenda kunywewa Shinyanga na Kahama, sisi wa huku tunachota ndoo moja kwa moja ufukweni na dagaa wetu wanatoka mle mle. Mikono osha kwa sabuni ya unga na mchanga laini, acha kuosha na petroli.

Andika kwenye daftari tarehe na masaa. Jioni tandika kipande cha boksi chini ya injini kilale pale usiku kucha, kesho yake asubuhi kabla ya kuwasha kitazame, ukikuta tone moja angalia limetoka kwenye nati au kwenye filta, na baada ya siku ya kwanza ya kulima tazama tena, hasa filta ya kikombe, raba mpya ikishapata moto inakaa na ile bolti huwa inataka kukazwa tena kidogo.