Ukitazama Navy au Army, usiufuate mpira

Timu za Navy na Army, vyuo vya jeshi la majini na la nchi kavu vya Marekani, zikicheza futiboli ya Marekani, usikodolee macho mpira. Mtafute mlinzi wa pembeni ambaye hakuna anayemzuia. Ameachwa kwa makusudi! Kwotabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi, anamsoma yeye: mlinzi huyo akimvamia fulubeki, mkimbiaji anayepenya katikati, kwotabeki anabaki na mpira na kukimbilia nje; mlinzi akibaki nje, fulubeki anaachiwa mpira aende nao. Huko nje yupo mlinzi wa pili, naye kaachwa vilevile. Akimjia kwotabeki, mpira unarushwa kwa mkimbiaji wa pembeni. Keenan Reynolds, kwotabeki wa Navy, alifunga tachidauni (mabao ya kufikisha mpira mwisho wa uwanja) 88 za kukimbia, na kwangu mimi uzuri wake ulikuwa katika kusubiri hadi mlinzi ajifunge mwenyewe.