Ukiwa na kisukari na kitambi, soma hivi kipimo chako cha asidi ya yuriki

Ninauguza kliniki ya kisukari hapa Tanga. Wagonjwa wangu wengi wakirudi na karatasi ya maabara inayoonyesha asidi ya yuriki, taka ya mwilini inayotolewa hasa na figo, iko juu, swali la kwanza ni hilo hilo: "Sista, niache maharage?" Maharage hayana kosa. Kabla hujaondoa chochote kwenye sahani, tafuta kamba.

Ipime kamba kwa urefu wako, kisiginoni mpaka utosini. Ikunje katikati, kisha toa pumzi na uizungushe tumboni usawa wa kitovu. Ncha zisipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi, hata kama mikono na miguu yako ni myembamba. Ukiwa na futi ya fundi cherehani, mwanamume aangalie asizidi sentimita 94, mwanamke 80.

Ninaanzia tumboni kwa sababu tatizo lenyewe mara nyingi linaanzia huko. Mafuta ya pale yanaufanya mwili usiitikie insulini, basi kongosho linazidi kuimwaga. Insulini ikiwa nyingi kwenye damu, figo hushika chumvi, na asidi ya yuriki nayo hurudishwa mwilini badala ya kutoka na mkojo. Kwa kawaida figo ndizo zinazotoa kama theluthi mbili ya asidi hiyo, kwa hiyo zikipunguza kazi kidogo tu, kipimo kinapanda. Ndiyo maana kisukari cha aina ya pili, presha, kitambi na asidi ya yuriki huonekana pamoja kwenye kadi moja.

Sasa soma namba. Maabara nyingine huandika maikromoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita. Ukipewa 480, gawanya kwa 60 upate 8. Juu ya 6.8 hivi, asidi inaweza kuanza kuganda kuwa chembe ndani ya viungo, na chembe hizo ndizo chanzo cha jongo, yaani gauti. Lakini watu wengi wana namba ya juu na hawaugui jongo maisha yao yote.

Usiisome namba hiyo peke yake. Iweke kando ya sukari yako ya siku ile. Sukari ikiwa 18 na unaamka kukojoa usiku kucha, asidi ya yuriki nyingi inatoka na mkojo huo, na karatasi inaweza kuonyesha iko sawa. Sukari ikitulia, namba inapanda, na mgonjwa anadhani dawa za sukari zimemharibu. Hazijamharibu; pima tena hali ikiwa imetulia. Vivyo hivyo ukipima kidole kikiwa kimewaka jongo: majibu yanaweza kuwa ya kawaida, rudia wiki mbili au zaidi baada ya maumivu kuisha. Angalia pia kreatinini, kipimo kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kwa sababu figo zikichoka asidi hupanda hata kwa mtu asiye na kitambi.

Halafu mwaga vidonge vyako vyote mezani. Vile vya presha vya kukojolea hupandisha asidi ya yuriki, na aspirini ndogo ya kila siku nayo hupandisha. Losatani, dawa nyingine ya presha, huishusha. Dapagliflozini na empagliflozini, zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, huishusha pia. Usiache hata kimoja kwa uamuzi wako. Vipeleke kwa daktari umuulize kama kuna cha kubadilisha.

Kwenye chakula, mimi ninaanza na glasi kabla ya sahani. Soda ya nusu lita inaweza kubeba gramu 50 za sukari, na karibu nusu yake ni fruktosi, ambayo ini likiichakata linazalisha asidi ya yuriki papo hapo. Juisi ya ukwaju iliyojazwa sukari haina nafuu, wala asali. Bia ina madhara yake mwenyewe. Kwenye sahani, punguza maini, figo, utumbo, dagaa na nyama choma ya kila jioni. Maharage, kunde na mchicha endelea navyo; havijaonekana kuleta jongo, na vinakushibisha bila kupandisha sukari kwa kasi kama wali. Maziwa yasiyo na mafuta mengi, mtindi hata, yanafaa.

Kupunguza uzito ndiko ninakokusisitizia kuliko yote. Mtu wa kilo 90 akishusha kilo 5 mpaka 9 kwa miezi kadhaa, sukari, presha na asidi ya yuriki huweza kushuka pamoja. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Usijinyime chakula kabisa: mwili ukiunguza mafuta kwa haraka, figo hushindwa kutoa asidi ya yuriki vizuri na jongo linaweza kulipuka. Na kama unatumia insulini au glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, kufunga bila kuzungumza nasi kunaweza kukushushia sukari ghafla ukaanguka.

Nakusihi usinunue alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, dukani kwa sababu tu namba iko juu. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2020, moja likiwa la watu wenye kisukari cha aina ya kwanza, yalionyesha kwamba kuishusha asidi kwa dawa hiyo hakukuzuia figo kuendelea kudhoofika. Ina kazi yake kwa mwenye jongo la kurudiarudia au mawe ya figo yanayotokana na asidi ya yuriki. Daktari huanza na dozi ndogo, akizingatia figo. Vipele vikitokea ukiwa unaitumia, acha siku hiyo hiyo na uende hospitali.

Na mguu ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto, hasa ukiwa na homa au kidonda, usijiambie ni jongo tu. Kwa mwenye kisukari huenda ni maambukizi. Njoo siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki.