Kabla hujampa fundi wa fensi hela

Wakuu, kama unataka kuzungushia kiwanja fensi ya wavu, kabla hujatoa hata mia nenda na fundi mkazione bikoni zote (zile alama za mipaka ya kiwanja), muite na jirani pamoja na mjumbe washuhudie, maana fensi ikiingia kwa jirani hata futi moja fundi keshakula chake kasepa na kesi inabaki kwako. Halafu vifaa nunua mwenyewe. Atakwambia "bosi nipe tu hela, dukani pale najuana nao", we kataa kistaarabu nendeni wote, na uulize geji ya waya, namba ikiwa ndogo ndo waya mnene, kwahiyo geji 12 na geji 16 sio kitu kimoja hata kama kwa mbali roli zinafanana.

Mashimo ndo wanapochakachua sana. Nguzo ya futi 8 izame angalau futi 2, chukua kijiti weka alama utumbukize kila shimo kabla zege halijamwagwa, akinuna anune tu. Nguzo za kona ziwekewe mikono ya kuzishikilia, la sivyo wakianza kukaza waya zinalala. Hela mpe kwa hatua, advansi kidogo, nyingine nguzo zikisimama, ya mwisho waya ukishakazwa.

Ukoka na michongoma subiri masika, wauza miche wa barabarani wengi wanakuja kupanda wenyewe mkielewana bei, ila kumwagilia hiyo juu yako.